Kangaruu wa Canberra: Hesabu Inayoanza Baada ya Uzio

Kila mwaka, kati ya Machi na Julai, baadhi ya hifadhi za Canberra, mji mkuu wa Australia, hufungwa nyakati za jioni ili wapigaji risasi walioajiriwa na serikali wapunguze kangaruu wa kijivu wa mashariki. Kila mwaka pia wakazi wanaopinga huitwa watu wa huruma nyingi na elimu kidogo. Sifa hiyo ya pili hawaistahili, kwa kuwa hoja zao zimejengwa juu ya biolojia ya mnyama huyu na historia ya ardhi anayoishi.

Hoja ya serikali ina uzito. Mbuga za nyasi za asili zimebaki vipande vipande, na humo ndimo anamoishi mjusi asiye na masikio, ambaye yumo katika hatari kubwa ya kutoweka. Kangaruu wakizidi, nyasi huliwa hadi kwenye udongo na mjusi huyo hukosa maficho. Mbwa mwitu aina ya dingo, waliokuwa wakiwala kangaruu, waliondolewa zamani na wafugaji, kwa hiyo inaonekana binadamu ndiye aliyebaki na kazi ya kupunguza.

Wanaharakati wanauliza ni nani aliyevikata vipande hivyo. Mwaka 2008, katika eneo la kijeshi la Belconnen, kangaruu zaidi ya 400 waliuawa kwa sababu waliongezeka ndani ya uzio ambao hawakuwa na njia ya kuutoka. Uzio wa Mulligans Flat, hifadhi mojawapo ya Canberra, ambao huwazuia mbweha na paka, umewezesha wanyama wadogo waliokuwa wametoweka Australia bara kurudishwa humo tangu 2012, na hilo ni jema. Hata hivyo, uzio huohuo unawabana kangaruu waliomo ndani, nao wakishabanwa huhesabiwa kuwa wamezidi. Hesabu ya ziada huanza baada ya mtaa mpya kujengwa, barabara kupita na waya kusimama.

Jambo ambalo halipewi nafasi ya kutosha ni la watoto. Mtoto wa kangaruu wa kijivu hukaa mfukoni miezi kama 11, kisha huendelea kunyonya hadi anapokaribia miezi 18. Wengi huzaliwa kiangazi, ambacho huko kusini huanza Desemba. Mtoto aliyezaliwa Januari mwaka jana anafikisha miezi 14 msimu unapofunguliwa Machi: ameshatoka mfukoni lakini bado ananyonya, huku mdogo wake akiwa tayari amening'inia kwenye chuchu nyingine. Risasi moja kwa mama inagusa maisha matatu. Maofisa wanasema msimu umepangwa hivyo makusudi, ili wa mfukoni wawe wadogo na wakubwa wawe karibu kujitegemea, na kwa mpangilio wa kalenda wana hoja. Lakini kanuni za kitaifa zinaruhusu wa mfukoni auawe kwa pigo zito kichwani, na yule wa nje, ambaye zinataka apigwe risasi, hukimbilia gizani kabla hajaonekana. Mwenye kutetea zoezi hili ana wajibu wa kulitetea pamoja na pigo hilo, na pamoja na yule aliyekimbia.

Njia nyingine ipo, nayo serikali yenyewe imeijaribu: chanjo ya kuzuia mimba inayopigwa kwa mshale, ambayo dozi moja hufanya kazi kwa miaka kadhaa. Maofisa wanasema inafaa kwa makundi madogo na haipunguzi waliopo. Ni kweli, na ndiyo sababu ilipaswa kutangulia, kabla makundi hayajawa makubwa.

Julai 2023 mahakama ilisimamisha zoezi kwa muda baada ya wanaharakati kushtaki, kisha likaendelea. Kinachodaiwa sasa kinatekelezeka: hesabu ya wanyama ifanywe na watu wasio wa idara inayoomba kibali cha kuua, idadi ya watoto itangazwe sambamba na ya wakubwa, na mtaa mpya unaopakana na hifadhi usipewe kibali kabla ramani yake haijaonyesha njia ya kangaruu kupita.