Kofia ya marinda na rangi za shorobo

Ukisikia mtu anauza kofia ya kroshia yenye "rangi za asili", nenda ukaitazame kwa makini. Mara nyingi utakuta kijani, njano, chungwa, pinki na buluu zimepangwa mstari baada ya mstari, zote kwa upana mmoja, na marinda ya ukingoni yamefumwa kwa uzi wowote uliobaki kikapuni. Mkono wa mfumaji unaweza kuwa mzuri, mishono imelingana, mafundo yamefichwa. Lakini asili ninayoiona mimi hapa Arusha haigawi rangi kwa usawa namna hiyo. Inagawa kwa uchoyo. Rangi moja inatawala, ya pili inaifuata kwa mbali, na ile inayowaka kweli kweli inapewa sehemu ndogo, tena aghalabu imefichwa. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ukitaka kofia yako itokane na asili, chagua kiumbe kimoja, kitazame mpaka ukizoee, kisha chukua rangi zake pamoja na vipimo vyake. Kuchukua rangi ukaacha vipimo ni kuchukua nusu ya kitu.

Mimi nilimchagua ndege anayeitwa shorobo. Wako wa aina nyingi Afrika. Ninayemsema ni shorobo wa Hartlaub, anayeishi kwenye misitu ya milimani ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na hata kwenye bustani zenye miti mikubwa. Ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye msitu wa Mlima Meru, huenda ukamsikia kabla hujamwona. Sauti yake ni ya kukwaruza, nzito, haimfananii kabisa. Kisha anatokea juu ya tawi, na hapo badala ya kuruka anakimbia, anapita juu ya matawi mkia umenyooka nyuma, anaingia kwenye majani, amepotea.

Akitulia, mtazame sawasawa. Kifua na shingo ni kijani, kijani kilichokolea. Mabawa yaliyokunjwa na mkia ni buluu inayoelekea zambarau. Utosini ana kishungi cha buluu iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Mbele ya jicho kuna kidoa cheupe, chini ya jicho mstari mwembamba mweupe, na kulizunguka jicho lenyewe pete nyekundu. Basi. Ukimwona hivyo utasema ni ndege wa kijani na zambarau, mpole, wa kivulini. Halafu anaruka kwenda mti wa pili, na mabawa yanapofunguka unaona wekundu ambao hukuujua upo: manyoya mengi ya kurukia ni mekundu ya damu ya mzee. Sekunde chache tu. Akitua anayakunja, wekundu umekwisha, labda ubaki uzi mwembamba pembeni mwa bawa.

Wekundu huo una habari yake. Mwaka 1869 mkemia Mwingereza Arthur Herbert Church alieleza kwamba rangi iliyomo kwenye manyoya hayo ina madini ya shaba ndani yake. Shaba hii hii ya sufuria na nyaya za umeme. Hata kijani cha shorobo si cha kawaida: kwa ndege wengi ukijani hutokana na umbile la unyoya linalochezea mwanga, ukichanganyika na rangi ya njano, lakini shorobo ana rangi ya kijani yenyewe, na hiyo nayo inahusiana na shaba. Nalitaja hili kwa sababu ya duka la uzi. Nilipoenda kuchagua nyekundu nilikuwa najua natafuta nyekundu ya namna gani: yenye ukahawia kidogo chini yake, iliyo mbali na nyekundu ya soda na ya bendera. Usipojua unatafuta nini, muuzaji ndiye atakayekuchagulia.

Na uzi usiuchague chini ya taa. Taa nyingi za madukani zinaivuta zambarau iwe buluu na kuifanya kijani ionekane imechoka. Omba utoke nayo mlangoni. Wauzaji wa mjini wamezoea, wengine watakuletea kiti kabisa.

Kabla ya kufuma chochote, chukua kipande cha boksi chenye upana wa vidole vitatu, uzungushie nyuzi zako kwa vipimo vya ndege. Kwa shorobo mimi huzungusha kijani mara kumi na mbili, zambarau mara saba, buluu iliyoiva mara tatu, nyekundu mara mbili, nyeupe mara moja. Kiegemeze ukutani, rudi nyuma hatua kadhaa, tazama. Kisha kipige picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ikiwa kijani na zambarau vinatoka na kijivu kile kile, kofia ikivaliwa barabarani zitaonekana kama doa moja, hata kama mkononi zinatofautiana. Badili mojawapo, iwe nyepesi au nzito zaidi. Kazi hii ni ya dakika chache na inakuepusha na kufumua kofia nzima.

Waliozoea kanga wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Kanga ina mji, yaani eneo la katikati, na ina pindo, na pindo likizidi mji, kanga imeharibika. Kofia ya marinda nayo ina mji wake, ambao ni utosi na ubavu, na ina pindo lake, ambalo ni marinda. Mji unahitaji utulivu ili pindo lisikike. Ndiyo maana mji wa kofia yangu ni wa kijani karibu wote, na buluu iliyoiva iko utosini tu, kwenye mizunguko michache ya mwanzo, mahali pa kishungi.

Sasa marinda yenyewe. Wengi huyachukulia kama urembo uliobandikwa mwishoni, kumbe umbo hilo nalo limo kwenye asili na lina sababu. Tazama jani la sukuma wiki, au ukingo wa baadhi ya mwani wa baharini, au matumbawe yaliyojikunja. Pale ambapo ukingo unakua kwa kasi kuliko katikati, ukingo hukosa nafasi ya kulala, ukaanza kupanda na kushuka. Kroshia inafanya jambo lile lile kwa hesabu. Ukianza duara kwa mishono sita mifupi na kuongeza sita kila mzunguko, yaani 6, 12, 18, 24, duara litalala bapa mezani. Ukiacha kuongeza, linainama na kuwa bakuli. Huo ndio ubavu wa kofia. Ukiongeza kupita kiasi, linajikunja mawimbi. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alitumia kroshia kutengeneza umbo la jiometri ambalo ni vigumu mno kulishika kwa karatasi, akaweza kuwapa wanafunzi walishike mikononi. Baadaye, kuanzia mwaka 2005, ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, wakaanzisha kazi ya kufuma miamba ya matumbawe kwa njia hiyo hiyo, na wafumaji wengi wakajiunga nao. Kwa hiyo anayefuma marinda anafuma tumbawe, ajue asijue. Hilo linanifurahisha sana, na ndiyo sababu sipendi marinda yakifanywa kwa haraka.

Hesabu ya kofia yangu ni hii. Sindano ya milimita 4, uzi wa unene wa kati, kila mshono unachukua kama milimita 6. Utosi unakua mpaka mishono 84, ambayo ni kama sentimita 50, na kwa kuwa kroshia inavutika, itakaa vizuri kwenye kichwa cha sentimita 54 au 55. Hapo unaacha kuongeza, unashuka na ubavu mpaka kofia ifike juu kidogo ya masikio. Mzunguko wa kwanza wa marinda, mishono miwili kwenye kila mshono: 168. Mzunguko wa pili, tena miwili miwili: 336. Zidisha kwa milimita 6 utaona una ukingo wa mita mbili unaoning'inia kwenye kichwa cha nusu mita. Huo mzunguko mmoja unakula uzi wa mizunguko minne ya ubavu. Nunua uzi wa marinda kwanza, tena wa kutosha, maana ukirudi dukani wiki ijayo bunda jipya linaweza kuwa limetiwa rangi siku nyingine na halilingani.

Wekundu wa shorobo niliuweka wapi? Hapa ndipo nilipofikiri kuliko sehemu nyingine yoyote. Ningeuweka ukingoni kabisa ningepata kofia ya kuvutia, ila ndege angekuwa amepotea. Nikautafutia bawa lililokunjwa. Kila mshono wa kroshia, ukiutazama kwa juu, una vitanzi viwili, cha mbele na cha nyuma, na kwa kawaida sindano hupita chini ya vyote viwili. Kwenye mzunguko wa mwisho wa ubavu nilishika vitanzi vya mbele peke yake na kufuma marinda ya zambarau. Halafu nikarudi kwenye vile vya nyuma vilivyoachwa wazi, nikafuma marinda mengine, mekundu, mafupi kwa mzunguko mmoja. Yale ya zambarau yanalala juu, mekundu yanabaki chini yake. Ukisimama mbele ya aliyeivaa unaona kijani na zambarau. Akigeuza shingo, au upepo ukipita, au akicheka kwa kutikisika, wekundu unatokea kwenye mikunjo na kurudi ndani. Nyeupe niliipa mshono mmoja mmoja, mstari wa kudarizi juu ya marinda, upande mmoja tu.

Jambo la uzi mchanganyiko, ule unaobadilika rangi wenyewe ndani ya bunda moja. Unauzwa kwa wingi na unavutia mezani. Kwa kofia ya marinda siupendekezi, na sababu ni ya kiufundi. Rangi kwenye uzi ule inabadilika baada ya urefu fulani usiobadilika. Urefu unaotosha kuzunguka nusu ya ubavu wenye mishono 84, kwenye ukingo wenye mishono 336 utafika sehemu moja ya nane tu. Kwa hiyo chini, pale unapotaka rangi itulie ili mikunjo ionekane, ndipo inapokatikakatika, na mikunjo inafichwa na madoa. Uzi wa rangi moja unauachia mwanga kazi: juu ya wimbi rangi inang'aa, bondeni inakolea, unapata zambarau mbili bila kununua ya pili.

Kuhusu aina ya uzi, pamba ni nzuri kwa ngozi na kwa joto la Dar au Mombasa, lakini ni nzito na marinda yake yanalegea kushuka usoni. Akriliki ni nyepesi na inasimama. Kwa Arusha, ambako Juni na Julai asubuhi zina baridi ya kweli, natumia akriliki laini au iliyochanganywa na sufu, na sioni haya. Wapo wanaosema kofia ya rangi za asili lazima itiwe rangi kwa mimea. Naiheshimu kazi hiyo, lakini sikubali iwe sharti. Rangi ya bizari ya manjano inapauka juani upesi, pamba isipotayarishwa kwa shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, haishiki rangi vizuri, na akriliki inazikataa kabisa rangi nyingi za mimea. Anayetaka kufika huko afike kwa sababu anaupenda upikaji wa rangi. Kumtazama ndege vizuri hakuhitaji sufuria.

Kuna mteja alinipigia akaomba wekundu uwekwe nje, "uonekane". Nilimwambia, dada yangu, nikiutoa nje nitakufumia kofia nyingine na nitaiita jina jingine, lakini hii ya shorobo acha ibaki hivi. Tulizungumza kwa muda. Akaichukua ilivyo. Sidhani nilimshinda kwa hoja. Alipoiona kwenye video, mwenzake akiwa ameivaa anatembea, alielewa mwenyewe. Bei yake hakuibishania, jambo linalonipa moyo, kwa sababu watu wengi bado wanapima kofia ya mkono kwa bei ya kofia za mtumba, na mita mbili za ukingo hazifumwi kwa usiku mmoja.

Sasa hivi namtazama kwezi, yule mwenye tumbo la rangi ya kutu anayerandaranda kwenye kila bustani mjini hapa. Mgongo na kifua buluu inayometa, kichwa cheusi, tumbo rangi ya kutu, na katikati ya kifua na tumbo mstari mweupe mwembamba. Mstari ule ndio unaobeba kila kitu; uondoe, buluu na kutu zitagombana. Nimeshaamua utakaa pale ubavu unapokutana na marinda, mzunguko mmoja, usizidi. Buluu ninayo, nyeusi na nyeupe ninazo. Rangi ya kutu ndiyo inayonitembeza, kwa sababu madukani kuna machungwa na kuna kahawia, na ninayoitaka iko katikati yake. Nafikiria kufuma nyuzi mbili nyembamba kwa pamoja, moja ya chungwa na moja ya kahawia, nione kama kwa mbali zitaungana.