Nani Aamue Kasi ya Prosesa: Kiini cha Mfumo au Programu za Nje?

Katika jadi ya Unix, kiini cha mfumo endeshi (kernel), yaani sehemu yake ya ndani inayosimamia vifaa na programu, hutakiwa kutoa uwezo wa kufanya jambo, na uamuzi wa lini na kwa kiasi gani lifanyike huachiwa programu zilizo nje yake. Linux ilianza karibu hivyo kwa upande wa kasi ya prosesa. Toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, liliweza kuishikilia kasi ya juu kabisa au ya chini kabisa, ama kupokea agizo la programu ya nje, kama vile powernowd, iliyokuwa ikikagua wingi wa shughuli na kuamua.

Utaratibu huo una hoja nzito. Programu ya nje inaweza kujua kwamba mwenye kompyuta yuko safarini na anataka betri ifike jioni, jambo ambalo kiini hakina namna ya kulibaini. Tena hubadilishwa bila kuizima mashine, na ikiharibika huanguka peke yake.

Kinachoiangusha ni muda. Programu hiyo nayo husubiri zamu yake kwenye prosesa ileile iliyolemewa, hata pengine agizo la kuongeza kasi hutoka wakati kazi iliyolihitaji imekwisha. Mashine inapokuwa haina shughuli, programu hiyo huiamsha prosesa kutoka usingizini ili kuuliza kama kuna kazi, na hivyo kula umeme iliokusudiwa kuuokoa. Prosesa ya Pentium M ya mwaka 2003 ilihitaji takriban mikrosekunde 10 tu kubadili kasi, mwendo ambao programu ya nje haiwezi kuufuata. Ndiyo maana ondemand, sehemu inayopandisha na kushusha kasi kulingana na mzigo, iliingizwa ndani ya kiini katika toleo la 2.6.9 mwaka 2004. Na mwaka 2016, toleo la 4.7 likaleta schedutil, sehemu ya namna hiyohiyo inayotumia hesabu za mpangaji wa kazi mwenyewe, yaani sehemu ya kiini inayogawa zamu za prosesa.

Hata hivyo, kuhamia ndani hakukuuondoa ubishi. Kanuni ya schedutil huongeza robo juu ya kasi ambayo mzigo uliopo unahitaji, ili pawe na akiba. Robo hiyo si sheria ya fizikia. Ni chaguo la waandishi wa kiini, na mtengenezaji wa simu na mwenye seva wana kila sababu ya kutoliafiki kwa pamoja.

Wako wanaotaka chipu yenyewe iamue, kama ilivyofanya Crusoe, prosesa ya kampuni ya Transmeta, tangu mwaka 2000. Prosesa ya Skylake ya Intel, ya mwaka 2015, iliwezesha jambo hilohilo: mfumo hutaja kikomo cha chini, cha juu na uzito wa kuokoa nishati, kisha chipu hujichagulia. Ni haraka kuliko njia zote, ila chipu huuona mzigo bila kujua ni wa nani, wala kama kuna mtu anayeusubiri.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa kila milisekunde chache ukae kwenye kiini, na mipaka yake itoke nje. Toleo la 5.3 la mwaka 2019 lilielekea huko kwa kuruhusu kazi mojamoja iwekewe kiwango cha chini na cha juu cha mzigo unaohesabiwa. Ugumu unaobaki ni kwamba kila programu itajiona inastahili kasi kubwa, kwa hiyo mipaka hiyo haiwezi kuachwa mikononi mwa programu zenyewe. Ni ya msimamizi wa mashine, au ya mfumo unaomwakilisha.