Shahada ya kemia tupu ina kazi, ukijua unaifungia wapi

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, watoto wa ndugu na majirani hunijia na swali lile lile: "Anko, kozi gani ya kemia ina soko?" Nami huwarudishia swali: unataka kushinda kutwa ukifanya nini? Kozi zinazoitwa za kemia mtaani ni kazi tofauti kabisa.

Uhandisi wa kemikali na michakato, ule wa miaka 4 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huwaponza wengi. Mtu alipenda titresheni shuleni, anaingia akidhani atashinda maabara na biureti, anakutana na pampu, mabomba, joto na hesabu zisizoisha. Kwa mpenzi wa hisabati na fizikia ni kozi tamu. Aliyependa maabara ataichoka mapema. Famasia nayo ni miaka 4 na mwaka mmoja wa utarajali, na wengi wanaomaliza wanashinda na dawa na wagonjwa. Ualimu sina ubaya nao, shule zetu zina njaa ya walimu wa sayansi.

Inabaki ile inayowatia wazazi wasiwasi: shahada ya kemia yenyewe, miaka 3. "Ukimaliza utaitwa nani?" Mimi naitetea, ila uifunge mapema kwenye kitu kimoja kinachoshikika: dhahabu, maji, dawa, chakula.

Mfano ni mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti, mojawapo cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hiyo ni gramu 1 ndani ya tani 100 za mahindi. Hakuna jicho la mfanyabiashara linaloweza kuiona. Na Wakenya hawakuwa wanadeka: mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 upande wa mashariki mwa nchi yao.

Sasa nani anakipima kiasi hicho? Mkemia. Na sehemu ngumu huanza kabla ya mashine ya kupimia. Sumukuvu haisambai sawasawa. Gunia hili safi, la pembeni yake limejaa. Kwa hiyo unapita na bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka guniani, unachoma magunia mengi, juu, kati na chini, unachanganya, unasaga, unapunguza, ndipo unatoa kidogo cha kuloweka kwenye methanoli. Ukichota vibaya, mashine ya mamilioni itakupa jibu zuri la swali ambalo hukuuliza. Kijana anayelijua hili namwajiri mbele ya mwenye GPA kubwa asiyewahi kushika bambo.

Ndiyo maana, ukienda kuangalia chuo, usiulize kama kina mashine. Vyuo vyote vitakwambia zipo. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliitumia lini mara ya mwisho kwa mkono wake. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nayo usiiombe ilimradi barua igongwe muhuri. Kimbilia maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Shirika la Viwango (TBS), mamlaka za maji, au maabara za migodini Geita, ambako mawe yanasagwa na kuyeyushwa ili kujua tani moja ina gramu ngapi za dhahabu.

Sitakudanganya kuhusu ajira za serikali. Nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira ni chache, na foleni ya usaili ni ndefu. Fuatilia pia usajili: wafamasia wana baraza lao, wahandisi wana bodi yao, na wakemia nao wana sheria yao ya mwaka 2016. Kama A-level hukusoma hisabati, usianze kuota uhandisi kabla hujasoma vigezo. Vimo kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), kozi kwa kozi. Achana na vile vinavyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.