Mechi ya Toronto ya 2016: Gibbons alishinda, au Showalter alimwachia?

Usiku wa tarehe 4 Oktoba 2016, mjini Toronto, Edwin Encarnación aliupiga mpira wa kwanza aliorushiwa na Ubaldo Jiménez, ukapaa hadi majukwaa ya kushoto, na Blue Jays wakawatoa Baltimore Orioles 5-2 katika duru ya 11. Ilikuwa mechi moja tu ya mtoano, anayefungwa anafunga na mabegi. Lakini jina lililobaki midomoni mwa wapenzi wa besiboli si la Encarnación, wala la John Gibbons, meneja wa wenyeji aliyeshinda. Ni la Zack Britton, mrushaji wa Baltimore ambaye usiku ule alipasha misuli na hakuitwa kamwe.

Msimu ule Britton alikabidhiwa uongozi mwembamba aulinde mara 47, akaulinda mara zote 47. Katika duru 67 alizorusha, aliruhusu mikimbio (pointi) 4 tu ya kuhesabiwa kwake, yaani wastani wa 0.54 kwa kila duru 9. Silaha yake ilikuwa mpira unaozama ghafla mbele ya mpigaji, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Aliyefanikiwa kuugusa mara nyingi aliupiga chini, ukabingirika kwa walinzi wa ndani. Mtu wa namna hiyo kubaki akitazama timu yake ikifa ni sawa na Mohamed Salah kwenye fainali ya AFCON kule Yaoundé, Februari 2022: aliwekwa apige penalti ya tano, Senegal wakamaliza kazi kabla zamu yake haijafika.

Kumcheka meneja wa Baltimore, Buck Showalter, ni rahisi. Kazi ni kuona kwamba yeye na Gibbons hawakuwa na mtihani mmoja.

Wageni hupiga kwanza katika kila duru, wenyeji hupiga mwisho. Faida ya nyumbani katika besiboli imo humo kuliko kwenye kelele. (Kelele zilikuwepo, na aibu pia: katika duru ya 7 shabiki alirusha kopo la bia kumwelekea Hyun Soo Kim akiwa anadaka mpira, na akaudaka hivyohivyo.) Timu zikifika duru ya 9, ya mwisho kwa kawaida, zikiwa sare, wenyeji wakipata mkimbio mmoja tu mechi imekwisha palepale. Kwa hiyo mrushaji wa kumalizia wa wenyeji hatapata tena uongozi wa kulinda usiku huo, hata mechi ikienda duru 20. Hana sababu ya kusubiri. Gibbons alimwingiza Roberto Osuna, kijana wa miaka 21 mwenye seivu 36 (mechi alizomalizia akilinda uongozi) msimu ule, mwanzoni mwa duru ya 9 huku ubao ukisoma 2-2. Wanaosema alimzidi Showalter ujasiri wanampa sifa kwa uamuzi ambao karibu kila meneja wa nyumbani huufanya bila kukuna kichwa.

Mgeni hali yake ni nyingine. Akipata uongozi katika nusu yake, lazima aulinde katika nusu inayofuata, na desturi inasema anayelinda ni yule bora. Ndiyo maana mameneja wa ugenini hubana kadi yao. Hoja haina ujinga ndani yake: ukimtumia Britton duru ya 9 na ya 10, kisha ukapata mkimbio duru ya 11, utamkabidhi nani?

Hesabu lakini inaipinga desturi hiyo. Mgeni akiwa sare, mkimbio mmoja wa wenyeji ni kifo. Akiwa anaongoza kwa mmoja, mkimbio huohuo unaleta sare tu. Akiongoza kwa mitatu, mrushaji wa kawaida mara nyingi anamaliza salama. Maana yake Showalter alimhifadhi mtu wake bora kwa ajili ya dakika isiyo na hatari kama ile aliyokuwa nayo mkononi. Tena Britton asingeweza kurusha zaidi ya duru 2 hivi, sawa na auti 6, yaani wapigaji 6 wa kutolewa, watatu kwa kila duru. Duru zilizobaki zingerushwa na wengine kwa vyovyote vile, kwa hiyo suala halikuwa kama wengine watumike, lilikuwa nani atangulie. Na duru ya 9 ipo mbele yako unaiona. Duru ya 12 ukiwa unaongoza ni ndoto.

Hata hivyo, kwa haki ya Showalter, ambaye kufikia mwaka ule alikuwa ameshinda tuzo ya meneja bora wa mwaka mara 3, mpango wake ulishika hadi duru ya 10. Chris Tillman, aliyeanza kurusha kwa Baltimore, alipotolewa duru ya 5, Mychal Givens aliingia akazima moto kwa auti mbili za pigo moja. Duru ya 9 Josh Donaldson wa Toronto alifungua kwa pigo la besi mbili dhidi ya Brad Brach, Encarnación akapewa besi ya bure kwa makusudi (aende besi ya kwanza bila kupiga), José Bautista akakosa mpira mara tatu akatoka, kisha Darren O'Day akaingia akamfanya Russell Martin apige chini: auti mbili tena. Mechi ingeisha kwa Baltimore kushinda, wachambuzi walewale wangeandika kwamba Showalter alijua kuwatumia warushaji wake wa benchi mmoja mmoja.

Kosa lisilo na utetezi, kwa macho yangu, liko duru ya 11. Brian Duensing, mrushaji wa Baltimore, alishapata auti moja. Waliofuata walikuwa Devon Travis, Donaldson na Encarnación, moyo wa safu ya Toronto. Hapo akaitwa Jiménez, ambaye kazi yake ni kuanza mechi na ambaye msimu ule wastani wake ulikuwa 5.44. Mwanzishaji amezoea kupasha kwa utaratibu wake, kurusha duru ya kwanza akitafuta mkono, kisha kutulia. Katikati ya duru ya 11 hakuna nafasi ya kutafuta mkono. Travis akapiga, Donaldson akapiga, wakawa besi ya kwanza na ya tatu, auti moja. Mgeni alihitaji kitu kimoja tu: mpira wa chini wa kuzalisha auti mbili. Ndicho kitu Britton alichokuwa akikitengeneza kuliko karibu mrushaji yeyote duniani mwaka ule, na Encarnación hakuwa mkimbiaji. Sheria ya wakati ule ilimruhusu Showalter kumtoa Jiménez papo hapo. Angeweza pia kumpa Encarnación besi ya bure, besi zikajaa, auti ikapatikana hata kwenye besi ya nyumbani. Akaacha.

Sifa ya kweli ya Gibbons naiona pengine, mahali pasipoimbwa. Osuna alitoka duru ya 10 bega likimsumbua, akiwa amepata auti 4 tu. Hapo ndipo ukarimu wa kumtumia mmaliziaji mapema hugeuka deni. Gibbons alilipa kwa sababu alimchagua Marcus Stroman aanze mechi na kumweka Francisco Liriano, mwanzishaji mwingine, akiba. Stroman alitoa duru 6 kwa mikimbio 2. Liriano akaingia akachukua auti 5 mfululizo kuelekea ushindi. Na yeye pia ni mwanzishaji aliyeitwa katikati ya duru. Tofauti ni kwamba Gibbons alimwita baada ya bora wake kuumia, Showalter alimwita Jiménez wakati bora wake ni mzima.

Siku mbili baadaye, Terry Francona, meneja wa Cleveland, alimwingiza mrushaji wake Andrew Miller duru ya 5 dhidi ya Boston, akarusha mipira 40, na kila mtu akaona kuwa mrushaji bora anaweza kufuata hatari badala ya kusubiri duru ya mwisho. Toronto walikutana na Miller huyohuyo raundi mbili baadaye, wakafungwa 4-1, naye akawa mchezaji bora wa mfululizo huo.

Sheria nayo imebadilika. Tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabiliane na wapigaji watatu, au duru iishe, au aumie. Leo Jiménez angelazimika kubaki hadi Encarnación amalize zamu yake, na meneja wa ugenini angepaswa kuamua kuhusu Britton kabla Travis hajashika gongo.