Krismasi ya Kale, Lipa Mlangoni

Jamani, Mzungu anaweza kukuuzia moshi na wewe ukashukuru. Mie Mchaga wa Marangu, niliyekulia kwenye mafiga, juzi nimetoa dola zinazotosha kununua mbuzi, ili nikaoneshwe mama wa Kizungu akichochea kuni.

Ni mambo ya binti yangu. Kasikia shuleni kwamba hapa Massachusetts, Marekani, kuna kijiji cha makumbusho: nyumba za miaka ya 1830, watu wamevaa kama enzi hizo, na Desemba wanafanya Krismasi ya kale kwa mwanga wa mishumaa. Nikamwambia, mwanangu, Krismasi ya mishumaa mimi nimeshaila sana, ila sisi tulikuwa tunasema umeme umekatika. Mama yake akanikata jicho. Tukaenda.

Sasa ile baridi! Theluji imeganda njiani, viatu vinateleza, pua siisikii. Unaingia ndani ukidhani utapona, kumbe hita hakuna, eti ndiyo uhalisia. Moto upo, lakini mbele yake watu wamejaa, sisi wa nyuma tunaota migongo ya wenzetu.

Pale mekoni mama mmoja, kofia ya kitambaa kichwani, kaweka keki kwenye sufuria la chuma lenye miguu mitatu, akafunika, akachota makaa akayapanga juu ya kifuniko. Umati mzima: "Ooooh!" Simu juu. Nikamgeukia mke wangu. Mama Neema, si anapalia huyu? Anapalia tu! Mama yangu mzazi kapalia wali na keki maisha yake yote, hajapigiwa makofi hata siku moja. Alichopigiwa ni kelele kwamba chakula kimechelewa.

Nje huko watoto wanatengeneza mishumaa. Unachovya utambi kwenye mafuta ya moto, unatoa, unasubiri ugande, unachovya tena, mshumaa unanenepa kidogo kidogo. Foleni ndefu, wazazi wamelipia watoto wafanye kazi! Binti yangu huyu huyu, ukimwambia aoshe vikombe, tumbo linaanza kumuuma.

Kwa hasira nikaingia kwenye simu kumtafuta aliyeanzisha biashara hii. Ni Msweden, Artur Hazelius. Mwaka 1891 alifungua Skansen pale Stockholm: nyumba za wakulima zimebomolewa huko vijijini, zimejengwa upya mjini, na watu wakawekwa ndani na mavazi yao. Dunia ikaiga. Hata Dar tunacho Kijiji cha Makumbusho, na nyumba ya Kichaga imo. Ila sisi wajanja. Konda wa daladala anaita "Makumbusho! Makumbusho!", tunashuka kituoni, tunakwenda zetu, ndani hatuingii.

Lakini aliyenimaliza ni mzee mmoja mwelezaji, koti refu, kofia ndefu. Nikamwuliza kwa adabu, mzee wangu, watu wa nyumba hii siku ya Krismasi walikuwa wanachinja nini? Akacheka. Hawakuchinja kitu. Wengi wao hawakuisherehekea kabisa! Kumbe wale Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali kutoka Uingereza waliolianzisha koloni hili, waliona Krismasi haimo kwenye Biblia, ni ulevi na makelele tu. Mwaka 1659 wakatunga sheria: ukikutwa unaiadhimisha, iwe kwa kuacha kazi au kwa kula karamu, faini shilingi tano. Sheria ilifutwa 1681, lakini watu waliendelea kuichunia Krismasi kizazi baada ya kizazi. Mkulima wa hapa mwaka 1830, tarehe 25 Desemba, alikuwa zake anapasua kuni. Serikali kuu ya Marekani yenyewe imekuja kuifanya sikukuu 1870.

Ngoja kwanza. Na ule mti uliopambwa pale getini? Na ile kwaya?

"Wageni wanapenda," akasema mzee, bila hata kupepesa.

Yaani nimelipishwa Krismasi ya kale ya watu ambao hiyo kale hawakuwa na Krismasi! Afadhali wangenitoza ile faini. Shilingi tano, tena zingekuwa za kwetu, ningelipa papo hapo na kumi nikawaachia chenji. Na muda huo Marangu watu wameshapanda kutoka Dar, mbuzi kafungwa mgombani, mbege, pombe yetu ya ndizi, inanukia, na hakuna anayekukatia tiketi kwenye kihamba, shamba la ukoo.

Njiani kurudi nikawa nabwata hivyo hivyo, mpaka mke wangu akauliza taratibu, "Baba Neema, kwani wewe tarehe 25 huingii kazini?"

Naingia. Saa moja asubuhi, nyumba ya wazee, malipo mara moja na nusu. Zamu nimeiomba mwenyewe.

Basi nikanyamaza, nikapiga hesabu. Katika jimbo hili zima, anayeshika mila halisi ya Massachusetts ni mimi: sherehe hakuna, karamu hakuna, kazi kama kawaida. Mwenye hamu ya kuiona Krismasi ya 1830 aje anitazame nikitandika vitanda. Watoto nusu bei. Kupiga picha tutaelewana.