Usharika usio na "Nasadiki": Waunitariani wanaunganishwa na nini?

Mtu aliyezoea kusimama kila Jumapili na kutamka "Nasadiki kwa Mungu mmoja", au ambaye dini yake ilianza kwa shahada, akiambiwa kuna kanisa lisilomtaka muumini akiri fundisho lolote, huuliza: basi wanakusanyika kufanya nini? Swali ni halali. Tatizo ni kwamba wengi huuliza wakiwa na jibu tayari, kwamba hao ni watu wasioamini kitu, wanaokutana kunywa kahawa na kupeana pongezi. Jibu hilo ni jepesi mno, na linaficha kazi ngumu inayofanyika ndani ya sharika hizo.

Nazungumzia sharika za Unitarian Universalist za Marekani. Chama chao cha sasa kilizaliwa mwaka 1961, Waunitariani, waliokataa fundisho la Utatu, walipoungana na Wauniversalisti, waliofundisha kwamba Mungu hatamwacha mtu yeyote apotee milele. Leo kwenye benchi moja huketi Mkristo, asiyeamini kuwa Mungu yupo, na anayefuata tafakuri za Kibudha. Si Waunitariani wote walio hivyo. Wa Transylvania, nchini Romania, alikohubiri Ferenc Dávid, mwanzilishi wa kanisa lao wa karne ya 16, na ambako mwaka 1568 baraza la Torda liliruhusu kila mhubiri afundishe Injili kama anavyoielewa, bado ni Wakristo: wana askofu, wana katekisimu, na hushiriki mkate na divai mara nne kwa mwaka. Kwa hiyo kukosa kanuni ya imani hakukuja na jina. Ni uamuzi wa tawi moja la ukoo, na uamuzi huo ndio wa kupimwa.

Mahali pa kanuni wameweka agano. Kanuni husema tunaamini nini. Agano husema tutaishije pamoja. Wazo hilo walilirithi kwa Wapuritani wa Massachusetts, Waprotestanti waliohamia Marekani kutoka Uingereza, ambao katika hati ya Cambridge ya mwaka 1648 waliandika kwamba usharika hujengwa kwa agano la waumini wenyewe na hujichagulia mchungaji wake. Hadi leo hakuna askofu wa kumhamisha mchungaji huku na kule. Waumini huchagua kamati ya kumtafuta, mteule hukaa nao kwa wiki nzima akihubiri Jumapili ya kwanza na ya mwisho, kisha kura hupigwa. Wachungaji wengi hukataa wito uliopata chini ya asilimia 90, maana wanajua mtu mmoja kati ya kumi akianza na kinyongo, mgogoro hauko mbali. Muumini mpya naye hutia saini kwenye kitabu cha usharika na kutoa ahadi yake ya fedha ya mwaka. Haulizwi anamwaminije Mungu. Anaulizwa kama yuko tayari kubeba mzigo wa nyumba ile pamoja na wenzake.

Sasa tuje kwenye takwimu ambayo naiona ina uzito kuliko zote. Katiba ya chama ina kifungu kinachoeleza wanachokithamini kwa pamoja. Tangu 1985 kilikuwa na misingi saba ya mwenendo, wa kwanza ukiwa thamani na heshima ya kila mtu. Kifungu hicho hakiruhusiwi kukaa zaidi ya miaka 15 bila kupitiwa upya. Juni 2024 wajumbe wa mkutano mkuu walikibadilisha: upendo ukawekwa katikati, na kuuzunguka zikawekwa tunu sita, yaani kutegemeana, wingi wa mitazamo, haki, kubadilika, ukarimu na usawa. Ilihitajika theluthi mbili ya kura; ilipatikana asilimia 80 na kidogo.

Wengi waliishia hapo: ushindi mkubwa, mambo yamekwisha. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu. Karibu mjumbe mmoja kati ya watano alikataa maneno yanayoeleza kiini cha kanisa lake. Hao ni wajumbe, si waumini wote, na huko sharikani hesabu ingeweza kuwa nyingine. Hata hivyo, fikiria mjumbe mmoja kati ya watano wa sinodi ya Kilutheri au Kianglikana akipiga kura ya hapana dhidi ya Imani ya Mitume. Kanisa hilo lingepasuka. Kwa Waunitariani baadhi waliondoka, ndiyo, lakini aliyesema hapana mwezi Juni jina lake lilibaki kitabuni mwezi Julai, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kulifuta kwa sababu hiyo. Ndiyo maana ya agano: linatarajia kwamba utashindwa kura na bado Jumapili utapanga viti.

Wapinzani wa mabadiliko hayo hawakuwa watu wa kubezwa. Walisema maneno ya zamani yalimlinda mtu binafsi dhidi ya wengi, na kwamba mapya, ingawa yanataja utu wa kila mtu chini ya usawa, yanaelekea zaidi kwenye wajibu wa pamoja. Waliogopa tunu zisigeuke kanuni ya imani inayoingia kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo ina mashiko. Orodha ya tunu ikianza kutumiwa kumpima nani ni muumini wa kweli, basi imekuwa kanuni, hata ikiitwa jina gani.

Lakini anayetaka kujua kama kuna maisha ya kiroho pale asiishie kwenye katiba. Aende kwenye vikundi vidogo. Mkatoliki wa Afrika Mashariki ataielewa sura yake haraka, kwa sababu inafanana na jumuiya ndogondogo, isipokuwa hapa hakuna Injili ya Jumapili ijayo ya kuanzia. Watu 8 hadi 10, saa mbili, mara moja au mbili kwa mwezi. Huwashwa mwali ndani ya kikombe, alama iliyochorwa mwaka 1941 na Hans Deutsch, mkimbizi kutoka Austria, kwa ajili ya kamati ya Waunitariani iliyowasaidia watu kukimbia Wanazi kupitia Lisbon. Husomwa maneno mafupi, hufuata dakika za ukimya, kila mmoja husema kwa ufupi alivyo, kisha mada: msamaha, kuzeeka, deni tulilo nalo kwa wazazi. Kila mtu huzungumza mara moja bila kukatizwa, na hakuna kumjibu wala kumshauri. Duru ya pili ndipo wengine huweza kusema kilichowagusa.

Sheria hiyo ya kutojibu ndiyo kiungo cha kazi yote, na ndiyo huvunjwa kwanza. Asiyeamini Mungu anamsikia mwenzake akisema Mungu alimshika mkono mtoto wake alipokuwa mahututi, na mdomo unamwasha kueleza habari za dawa. Akieleza, kikundi kimegeuka mdahalo, na kikao kijacho mama yule haji. Upande mwingine, kikundi hugeuka kliniki: mmoja mwenye msiba mzito anachukua saa nzima, kila kikao, na wengine wanakuwa wauguzi wasiosomea uuguzi. Ndiyo maana wawezeshaji hukutana na mchungaji kila mwezi, na mwenye shida kubwa hupelekwa kwa mchungaji badala ya kuachiwa kikundi. Pia kuna kawaida ya kuacha kiti kimoja kitupu kwa ajili ya mgeni. Kikundi kinachokiondoa hugeuka genge la marafiki.

Ibada ya maji nayo inafundisha. Ilianza Michigan mwaka 1980 na sasa hufanywa katika sharika nyingi mwanzoni mwa Septemba. Kila mtu huleta maji kidogo na kuyamimina katika bakuli moja; mengine baadaye huchemshwa na kutumika kuwabariki watoto. Katika sharika nyingi iliharibika kwa njia ileile: watu walisimama kueleza kwamba maji yao yametoka ufuo wa Ugiriki, na aliyekuwa kazini majira yote ya joto akabaki kimya na chupa yake ya bombani. Dawa iliyofanya kazi ni kuondoa hotuba. Wote humimina kimya, au huulizwa swali ambalo maji ya bomba yanaweza kulijibu: nini kilikutuliza kiu mwaka huu?

Hapo ndipo hoja ya wakosoaji inapouma zaidi, zaidi ya ile ya "hawaamini kitu". Sharika hizi ni za watu weupe kwa sehemu kubwa, waliosoma na wenye nafasi, na uhuru wa kutafuta ukweli taratibu huhitaji muda ambao mfanyakazi wa zamu mbili hana. Ni kweli, na agano pekee halijalitibu jambo hilo. Ila tusiseme Uunitariani wenyewe ni anasa ya matajiri. Waunitariani wa vilima vya Khasi, India, wapo tangu 1887. Bujumbura kuna usharika ambao mchungaji wake alikamatwa mwaka 2015, wakati wa machafuko ya Burundi, na baadaye akapata hifadhi Kanada.

Kuna msemo unaopachikwa kwa Dávid kila mahali, kwamba hatuna haja ya kufikiri sawa ili tupendane sawa. Katika maandishi yake haujapatikana. Wazo linalofanana nalo limo katika hubiri la John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, ambaye kanuni yake ya imani ilikuwa kamili. Jambo hilo lingewafaa wote wawili, mkosoaji na mtetezi: upendo unaovuka tofauti haukugunduliwa na wasio na kanuni, wala haukatazwi na wenye nayo.

Ninapoona udhaifu wa kweli ni kwa vijana. Wenye umri wa miaka 13 hadi 15 hupitia programu inayoweza kuchukua karibu mwaka mzima wa shule. Kila mmoja hupewa mlezi mtu mzima asiye mzazi wake, na mwishoni huandika "Nasadiki" yake mwenyewe, kisha huisoma mbele ya usharika. Kijana anaweza kuandika kwamba hajui kama Mungu yupo, na wazee watasimama kumpongeza. Mimi naona huo ni ujasiri mkubwa wa kanisa. Lakini "Nasadiki" ambayo kijana wa makanisa mengine hufundishwa darasani hukaririwa tena kila Jumapili hadi uzeeni, wakati hii husomwa mara moja tu. Miaka mitatu minne baadaye kijana hufanyiwa ibada ya kuvuka kwenda utu uzima, anaondoka kwenda chuo, na mji anaohamia pengine hauna usharika hata mmoja. Wengi hawarudi. Agano ni la watu wanaoonana. Kijana aliye mbali hana sala anayoweza kuisema peke yake chumbani akijua kwamba nyumbani nako wanaisema.