Futikamba haipimi pumzi ya udongo

Mwishoni mwa Oktoba, saa saba mchana, nilikuwa chini ya mgunga kwenye shamba la mjomba wangu, nje kidogo ya Dodoma, nikimshikia kijana futikamba. Alikuja na mwenzake kupima miti kwa ajili ya biashara ya hewa ukaa, ile ya kulipwa kwa kaboni ambayo miti yako imeivuta hewani na kuitunza. Kazi yenyewe haina mambo mengi: unazungusha futikamba kwenye shina usawa wa kifua, sentimita 130 kutoka chini, unaandika kwenye fomu, unapaka alama ya rangi, unahamia mti mwingine. Ardhi ilikuwa ya moto kiasi cha kuisikia kupitia kandambili. Nikamuuliza, "Na huu udongo je?"

Akacheka. "Fomu yetu haina udongo, kaka."

Simlaumu, fomu hakuitunga yeye. Ila jibu lake halijanitoka kichwani. Naona tunapiga hesabu ya kaboni huku tumeinua macho juu kwenye matawi, wakati ukame na joto vinafanya kazi yao kubwa chini ya miguu yetu.

Tuanze na jani. Mkulima yeyote wa Ugogo amewahi kuona mtama wake wakati mvua inapokatika mwezi wa Februari: ikifika mchana majani yamejikunja kwa urefu, membamba kama mrija, na jioni yanafunguka tena. Mmea unabana maji. Pamoja na kujikunja, unafunga vile vitundu vidogo vya kwenye jani, stomata tulizochora shuleni bila kuelewa tunachora nini. Tatizo ni kwamba mlango wa kutokea maji ndio huohuo wa kuingilia kaboni. Ukiufunga, maji yanabaki lakini chakula hakipikwi. Na wakati huo mmea hauachi kupumua: usiku na mchana unaunguza sukari yake na kutoa kaboni. Kwa hiyo siku ya joto kali mapato yanashuka, matumizi yapo palepale.

Udongo nao una maisha yake. Bakteria na kuvu wanaokula masalia ya majani na mizizi hufanya kazi kwa kasi zaidi joto likipanda, mradi pawe na unyevu. Unyevu ukiisha kabisa, nao husinzia au hufa. Ndiyo maana mwezi wa Oktoba ardhi yetu inaonekana kama haina uhai.

Halafu mvua ya kwanza inashuka. Ile harufu tunayoipenda si ya kaboni (kaboni dayoksaidi haina harufu), ni ya kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Lakini saa hizohizo unaponusa na kufurahi, udongo unatoa kaboni kwa mkupuo. Vijidudu vilivyofia kwenye ukame vimekuwa chakula, mabonge ya udongo yanalainika na kuachia vilivyokuwa vimefungiwa ndani, na walionusurika wanaamka na njaa ya miezi sita. Jambo hili linaitwa athari ya Birch, na jina hilo limetokea hapahapa kwetu: H. F. Birch alikuwa mtafiti wa udongo huko Muguga, karibu na Nairobi, akaandika kuhusu kukauka na kulowana kwa udongo katika miaka ya 1950. Leo wataalamu wa dunia nzima wanalitaja jina lake. Sisi wenye ardhi iliyomfundisha hatuna hata mstari wake kwenye fomu.

Kuna watakaosema haya ni mambo madogo ya maabara. Si madogo. Kiangazi cha 2003 Ulaya ilipigwa na joto na ukame kwa pamoja. Uwezo wa mimea kuvuta kaboni ulishuka kwa karibu asilimia 30. Upumuaji nao ulishuka kwa sababu ya ukavu, lakini haukushuka vya kutosha, na bara likatoa takriban tani milioni 500 za kaboni, sawa na akiba ambayo mimea yake ilikuwa imeivuta kwa miaka minne hivi. Miaka minne, kiangazi kimoja.

Mfano unaonigusa zaidi ni El Niño ya 2015 na 2016. Watafiti waliotumia OCO-2, satelaiti ya NASA inayopima kaboni dayoksaidi angani, walikuta maeneo ya tropiki ya mabara matatu yametoa kaboni nyingi kuliko 2011, mwaka waliolinganisha nao, kila moja kwa sababu yake. Amerika ya Kusini, ukame ulizuia mimea kuvuta. Asia, moto. Afrika mvua haikuwa mbali na kawaida, ila joto lilipanda, na kilichoongezeka ni kupumua na kuoza. Wakati huohuo waliokuwa wakipima miti kwenye misitu ya Afrika walikuta imepunguza kuvuta, lakini bado inavuta. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Futikamba inakuambia habari ya shina, basi.

Simaanishi tuache miti. Naudhika tu na miti ya bango. Mwaka fulani ofisi moja hapa mjini ilituita kupanda miche, tukapanda, tukapigwa picha, idadi ikasomwa kwenye kipaza sauti. Oktoba yake nilipita pale nikakuta vijiti. Nani alifuta ile idadi? Ningepewa uamuzi, fedha nyingi ningezipeleka kwenye kisiki hai, njia ambayo wakulima wengi wa huku wanaijua: unachagua machipukizi machache kwenye kisiki, unapogoa mengine, unayalinda na mbuzi. Mzizi umeshashuka chini kabla wewe hujafika, kwa hiyo jani halifungi mlango upesi, na kivuli kinauponya udongo na lile joto la Oktoba. Hakina sherehe, labda ndiyo sababu hakipendwi na wenye vipaza sauti.

Kanuni za biashara ya kaboni nchi inazo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Wataalamu wa kuchimba sentimita 30 na kupima udongo tunao.

Mjomba bado hajasaini. Mkataba ni wa miaka 30, yeye ana 71, na ameniachia karatasi nimsomee. Kwenye ukurasa wa malipo nimezungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni: mwaka mvua ikikataa, hesabu inakuwaje, na nani anakuja kupima wiki ile ya mvua ya kwanza? Jumamosi wale vijana wanarudi.